Kimondo cha Mbozi kina miaka mingapi na nani alihesabu? Jibu kwa kaka dereva wa Tunduma

Swali nimeletewa na kaka mmoja dereva wa semi, nalifupisha kidogo: "Dada habari za kazi. Mi natembea Tunduma Dar. Juzi gari ilikaa gereji Vwawa, nikaona nimpeleke utingo wangu akaone kimondo pale Ndolezi. Dogo ananiambia amesoma lile jiwe lina miaka zaidi ya bilioni nne. Nikamwambia acha uongo, jiwe limeanguka tu juzi juzi zama za mababu. Tumewekeana mishikaki. Sasa naomba kuuliza, hiyo bilioni nani alikuwepo akahesabu? Na hayo majina sijui Jurasi sijui Kambria wanayapangaje? Na huku kwetu kusini kuna mifupa ya dinosaria kweli au ni mambo ya muvi?"

Kamwene kaka, nakujibu nikiwa hapa Iringa, mimi kazi yangu ni miamba kwahiyo umenigusa penyewe, usishangae jibu likiwa refu kama foleni ya mpakani.

Nianze na mishikaki maana najua ndo kilichokuleta. Wote mmepatia, ila mnaongelea vitu viwili tofauti. Chukua lori lako mwenyewe: kadi imeandikwa limetengenezwa tuseme 2006, alafu limesajiliwa Tanzania 2017. Mtu akikuuliza umri wa gari unamwambia ipi? Kimondo nacho ni hivyo hivyo. Vimondo vya chuma kama kile cha Mbozi vilitengenezwa wakati jua na sayari ndo zinaumbika, miaka bilioni 4.5 na kidogo iliyopita, huo ndo mwaka wa kiwandani. Ila kufika Mbozi, yaani "usajili", ni jambo la karibuni sana ukilinganisha na hiyo bilioni. Lile dude lina tani kama 16 na pale lilipokaa hamna hata shimo, kwahiyo siku lilipoanguka hatuwezi kuisoma ardhini, lakini hakuna mjiolojia atakayekwambia limekaa pale tangu dunia iumbwe.

Sasa nani alihesabu. Hapa watu wengi wanakosea wanadhani wanasayansi walikaa mezani wakachagua namba kubwa ya kutisha. Haikuwa hivyo. Mpangilio ulijulikana kwanza, miaka ilikuja baadae, tena baadae sana, na hivi vitu viwili ukivitenganisha kichwani kila kitu kinanyooka.

Mpangilio ni hivi. Umepakia viazi Uyole, ukapita Makambako ukaongeza mahindi juu yake, ukafika Ilula ukatupia vitunguu juu kabisa. Trafiki akikusimamisha Mikumi akafungua turubai, hata kama wewe umelala na utingo kakimbia, anaweza kusema hili gari lilianza Uyole, likaja Makambako, likaja Ilula, kwasababu gunia la chini haliwezi kupakiwa baada ya la juu. Saa ngapi ulipakia hajui. Ila nani alitangulia anajua bila kukuuliza. Mchanga na tope vinavyotua ziwani au bondeni vinajipakia hivyo hivyo, tabaka juu ya tabaka, na viumbe vilivyokufa vinabaki humo humo kama magunia yenye alama. Ukitaka kuona kwa macho shuka pale Isimila, hapo hapo barabarani kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini ukielekea Mbeya, simamisha gari ushuke korongoni uangalie kuta, utaona mistari ya mchanga na udongo imelala moja juu ya nyingine na ndani yake kumeokotwa shoka za mawe za watu wa kale.

Aliyeigeuza hii kitu kuwa kazi alikuwa Mwingereza mmoja William Smith, mtoto wa fundi chuma, hakusoma chuo, alikuwa mpima ardhi wa mifereji ya kupitishia boti. Kila wakichimba anaona tabaka zinafuatana kwa utaratibu ule ule na kila tabaka ina visukuku vyake, yaani mabaki ya viumbe vilivyogeuka jiwe, ambavyo tabaka ya juu wala ya chini havimo. Akagundua kwamba hata ukienda mkoa mwingine ukakuta konokono wa aina fulani unajua upo gunia gani. Mwaka 1815 akatoa ramani ya miamba ya Uingereza nzima karibu. Baada yake ndo yakaja majina, na majina mengi ni ya mahali tu kama wewe unavyosema "pale Igawa" au "pale Chimala": Devoni ni mkoa wa Devon Uingereza, Kambria ni jina la kale la Wales, Permi ni eneo la Perm kule Urusi, Jurasi ni milima ya Jura mpakani mwa Ufaransa na Uswisi. Hamna fumbo hapo. Mpaka mwaka 1841 mengi ya majina haya yalikuwa yameshatolewa, na wakati huo hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua Devoni ni miaka milioni mingapi iliyopita. Darwin mwenyewe alikuwa hajatoa kitabu chake, kilitoka 1859. Kwahiyo yule anayesema walipanga miaka ili imsapoti Darwin, mwambie orodha ilishapangwa kabla yake na miaka ikaja baada yake.

Na mpaka wa kipindi na kipindi wanauweka wapi? Pale viumbe vinapobadilika. Unapanda juu kwenye miamba unaona wanyama hawa hawa, ghafla wamekatika, wamekuja wengine. Hapo ndo mstari. Ndo maana kalenda ya miamba na habari ya mageuko ya viumbe huwezi kuzitenganisha, kalenda yenyewe imeandikwa kwa viumbe.

Miaka sasa. Kuna atomi ambazo hazitulii, zinajigeuza zenyewe kuwa kitu kingine kwa kasi ambayo haibadiliki, uweke kwenye moto uweke kwenye barafu ni ile ile. Umewahi kukaanga bisi? Punje ipi italipuka sasa hivi hujui kabisa, lakini sufuria nzima unaijua, na ukifunua ukahesabu zilizolipuka na ambazo bado unaweza kukisia imekaa motoni muda gani. Urani ya aina inayoitwa 238 nusu yake inageuka kuwa risasi (hii ya kwenye betri ya gari, sio ya bunduki) kila miaka bilioni 4.47. Ipo na ndugu yake urani 235, yenyewe ina haraka, nusu yake inaisha kwa miaka milioni 704. Na kuna kipunje kigumu sana kwenye miamba ya moto kinaitwa zirkoni, kidogo kama chembe ya mchanga, kizuri kwasababu kinapoganda kinaikaribisha urani ndani ila risasi kinaikatalia mlangoni, kama mwenye nyumba asiyetaka mpangaji mwenye mbwa. Kwahiyo miaka ikipita ukimkuta mbwa ndani unajua kazaliwa humo humo. Unapima risasi iliyomo, unapima urani iliyobaki, unapata miaka. Tena unapata mara mbili, maana saa zipo mbili, ya 238 na ya 235, na zinatakiwa zikubaliane. Ni kama odomita ya gari na ile treka ya bosi, zikisema kitu kimoja huna pa kukwepa. Zisipokubaliana tunajua kipunje kimeharibika, kimepata joto au kimevuja, tunakiweka pembeni.

Hapo nisahihishe kitu kimoja ambacho naulizwa kila siku, kwamba "si wanapima na kaboni". Hapana. Kaboni 14 nusu yake inaisha kwa miaka 5,730 tu, ikifika kama miaka 50,000 imebaki kidogo mno huwezi kupima kitu. Inafaa mkaa wa jiko la babu, mfupa wa mtu wa kale, tope la chini ya ziwa. Dinosaria hapimwi na kaboni, mtu akikwambia hivyo jua hajui anachosema iwe anatetea au anapinga.

Na umri wa dunia yenyewe ulipatikana kwa jiwe kama hilo ulilolishika Ndolezi. Nasema kama hilo, sio hilo. Mmarekani Clair Patterson alichukua vipande vya vimondo, kimojawapo cha chuma kilichochimba lile shimo kubwa la Arizona, akapima aina za risasi zilizomo akapata bilioni 4.55. Hiyo ni 1956 na mpaka leo namba haijasogea, tunasema 4.54. Kwanini kimondo na sio jiwe la hapa? Kwasababu dunia imejipikapika mno, imeyeyuka, imejikunja, mawe yake ya mwanzo kabisa yameshageuka uji. Kimondo kimekaa kimya huko angani hakijaguswa. Alafu sikiliza hii maana inakuhusu wewe dereva: Patterson wakati anapima alikuta risasi imejaa kila mahali, kwenye maji, kwenye vumbi, kwenye nywele zake, vipimo vinaharibika. Akafuatilia akakuta inatoka kwenye petroli, wakati ule petroli ilikuwa inatiwa risasi ili injini isigonge. Akapambana na makampuni miaka na miaka. Nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006. Kwahiyo watoto wanaokaa kando ya barabara pale Mafinga wanapumua hewa nafuu kwasababu kuna mtu alitaka kujua umri wa dunia.

Sasa bilioni 4.54 mtu anaisikia tu, haingii. Nikupe kwa barabara yako. Tunduma mpaka Posta pale Sanamu ya Askari ni kilomita mia tisa na kitu. Tuifanye kila kilomita moja ni miaka milioni 5, mita moja ni miaka 5,000. Unaondoka Tunduma dunia ndo inaumbika, unafika Askari ndo leo. (Kilomita ni za kukadiria, usinishike na odomita yako.)

Tunduma mpaka unaingia Mbeya mjini hamna jiwe zima lililobaki duniani kote, ni vipunje vya zirkoni tu vya Australia, kimoja kina bilioni 4.4. Dunia ni moto, mawe yanashuka kama mvua. Unapita Uyole, Igurusi, Chimala, ukikaribia Igawa hapo ndo dalili nzuri za kwanza za uhai, mikeka ya bakteria iliyogeuka jiwe, bilioni 3.5 hivi, nayo ni Australia. Sasa andaa uvumilivu kaka. Makambako bakteria. Mafinga bakteria. Abiria anauliza tumefika wapi, bakteria. Unaingia Iringa, Ipogolo pale mnapokula, ndo oksijeni inaanza kujaa hewani, bilioni 2.4 iliyopita, imetolewa na hao hao bakteria wa kijani wanaokula mwanga wa jua. Kabla ya Ipogolo ungeshuka kwenye gari ungekufa dakika chache. Oksijeni ile kwanza ilikutana na chuma kilichoyeyuka baharini kikashika kutu kikazama, na hayo ndo machimbo makubwa ya chuma ya Australia na Brazili. (Chuma cha Liganga msikichanganye, kile kimetoka kwenye miamba ya moto, habari nyingine.)

Unashuka Kitonga polepole na gia nzito. Unapita Ruaha Mbuyuni, unaingia bonde la mibuyu, hapo ndo chembe hai zenye kiini ndani, za ukoo wetu sisi na mibuyu na uyoga, zinaonekana. Bado huoni kwa macho mnyama yeyote. Mikumi hamna mnyama! Twiga wale wa barabarani wapo kwa mahesabu yangu karibu kabisa na Askari. Morogoro hamna. Unafika Chalinze, umebakiza kama kilomita 108, ndo Kambria, miaka milioni 539, na ghafla bahari imejaa wanyama wenye maganda na miguu na macho. Jamani, Chalinze! Umeendesha siku nzima na usiku, umebadilisha dereva, alafu mnyama anatokea Chalinze. Mimi hiki ndo kitu kinachonishangaza kuliko vyote kwenye fani yangu na nimekifanya miaka mingi.

Baada ya Chalinze kila kitu ni mbio. Mimea inapanda nchi kavu, samaki mwenye vidole anatoka majini, kilomita 75 kabla ya mwisho. Karibu na Ruvu ndo misitu ya kinamasi iliyokuja kuwa makaa ya mawe ya Kiwira, Ngaka na Mchuchuma, yale unayoyapakia, ni majani na miti ya wakati wa Permi, kwahiyo ukichoma lile jiwe unawasha jua la zaidi ya miaka milioni 260 iliyopita. Mlandizi, kilomita 50, ndo ajali kubwa kuliko zote: milioni 252, volkano za Siberia zikamwaga uji wa moto na gesi, zaidi ya asilimia 80 ya aina za viumbe wa baharini zikatoweka. Hapo ndo Permi imeisha Triasi imeanza. Kibamba maua. Kimara kama kilomita 13, kimondo cha upana wa kilomita kama 10 kinapiga Mexico (cha Mbozi hakifiki hata mita nne), dinosaria wanaisha isipokuwa wale waliogeuka ndege, milioni 66. Magomeni nitakwambia baadae maana ni ya kwetu. Binadamu kama sisi anaingia mita 60 kabla ya sanamu. Zile shoka za Isimila, miaka zaidi ya 200,000, ni mita kama 50. Mlipuko mkubwa wa mlima Rungwe uliotupa mawe mepesi Tukuyu nzima, miaka 4,000 hivi, ni sentimita 80. Uhuru ni sentimita moja na kidogo.

Mawe ya Mbeya na Iringa yenyewe yako wapi kwenye barabara hii? Ile miamba migumu ya kung'aa ng'aa ya milima ya Mbeya, na hii ya Iringa unayoiona kama imepangwa na mtoto kule Gangilonga, ni ya karibu bilioni 2, yaani ilizaliwa tuseme karibu na Ruaha Mbuyuni. Alafu juu yake moja kwa moja unakuta tabaka za makaa ya mawe za juzi tu. Katikati pamepotea zaidi ya miaka bilioni moja na nusu. Mvua imekula. Hapa ndo wapinzani huwa wananikamata, "mbona kurasa hazipo?" Kweli hazipo, hapa hazipo, zipo kwingine. Tope halitui kila mahali kila siku, na likitua mlima ukinyanyuka linaoshwa. Ndo maana William Smith ana maana mpaka leo, unaunganisha kurasa za Mbeya na za Urusi na za Wales kwa kufuata visukuku.

Nije kwenye dinosaria wako. Ndio kaka, wapo, tena pengine sisi huku kusini tuna wa mwanzo kabisa. Bonde la Ruhuhu, kule Songea na Ludewa maji yanakoshuka ziwa Nyasa, lina tabaka za Permi chini na za Triasi juu, hapo hapo kwenye ile ajali ya Mlandizi. Miaka ya 1930 Mwingereza Parrington wa Cambridge alizunguka kule akaokota mifupa, ikapelekwa nje, London. Ikakaa kwenye makabati. Mwaka 2013, miaka 80 baadae, wakaiangalia upya wakampa jina Nyasasaurus parringtoni, mnyama wa urefu wa mita mbili tatu, umri wake kama milioni 243, ni ama dinosaria mkongwe kuliko wote wanaojulikana ama binamu yake wa karibu kabisa. Kwenye barabara ni hapo hapo baada ya Mlandizi. Ruhuhu hiyo hiyo mwaka 2010 wakatoa mwingine, huyu sio dinosaria ila ni ndugu, jina lake Asilisaurus kongwe. Soma tena. Asili. Kongwe. Mwanasayansi wa Japani au Brazili akitaka kumtaja lazima aongee Kiswahili.

Na upande wenu wa Songwe na Rukwa ni balaa zaidi kwa majina. Shingopana songwensis, alitangazwa 2017, ni lile dinosaria refu la shingo ndefu, na limeitwa hivyo kwa sababu hiyo hiyo unayoifikiria. Mnyamawamtuka, wa 2019, mnyama wa mto Mtuka, jina lake la pili ni moyowamkia, maana mifupa ya mkia ina umbo la kopa la karata. Na kipenzi changu, Pakasuchus kapilimai, 2010, mamba mdogo saizi ya paka mwenye meno ya kutafuna kama mamalia, jina la pili ni heshima kwa marehemu Profesa Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hao ni wa Kretasia, kipindi kinachofuata baada ya Jurasi, karibu miaka milioni 100, sawa na Mbezi pale stendi ya Magufuli. Unaona mamba naye aliwahi kujaribu upaka, akafika mbali tu, alafu ukoo ule ukaisha.

Hapo kwenye mamba ndo pa kuelewa mageuko yenyewe. Watoto wa mama mmoja hawafanani. Mazingira yakibana, wale ambao tofauti yao inasaidia wanazaa zaidi, na tofauti inarithiwa. Basi. Rudia mara milioni. Mfano ulio hai upo Matema, ukienda likizo usinywe tu soda, chukua miwani ya kuogelea uangalie wale samaki wadogo wa rangi kwenye mawe, mbuna. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki wa ukoo huo, na karibu wote hawapo popote pengine duniani, wametokana na mababu wachache. Huyu anakwangua mwani kwenye jiwe, yule anakula magamba ya wenzie, mwingine anajilaza kama mfu ili vidagaa vije kumdonoa avimeze. Wengi wanabeba watoto mdomoni. Na ziwa hilo limekauka sana na kujaa tena mara kadhaa, kila likijaa mchezo unaanza upya.

Utaniuliza tu, kwahiyo nitangulie: "kama tulitoka kwa nyani mbona nyani bado wapo?" Hatukutoka kwa nyani. Ushahidi mzuri wa hili upo Songwe, na hapa ndo ile Magomeni niliyokuahidi. Mwaka 2013 timu iliyochimba tabaka za Nsungwe, kwenye bonde lenu, ilitangaza vitu viwili: kipande cha taya cha mnyama wa ukoo wa masokwe, ukoo wetu, wakamwita Rukwapithecus, na kipande kidogo chenye gego moja la mnyama wa ukoo wa nyani na ngedere, Nsungwepithecus. Wote wawili miaka milioni 25.2, kwenye barabara ni kilomita 5 kabla ya sanamu. Tabaka zile zimepitiwa na majivu ya volkano, ndo tukapata umri, sio kwa kukisia: jiwe la tope lenyewe halina saa ya kuaminika, ila majivu yakitua juu na chini ya mfupa una saa mbili zimemkaba katikati. Maana yake ni kwamba koo mbili zilishagawana mji wakati huo. Nyani ni binamu. Wewe una binamu Kyela, yupo na wewe upo, na hakuna anayeshangaa kwanini binamu hajaisha wewe ulipozaliwa.

Na hatujamaliza hata kuwahesabu hao binamu. Kipunji, nyani wa manyoya marefu wa msitu wa mlima Rungwe, wanasayansi wamemfahamu 2003 tu, wakati wawindaji wa pale walikuwa wanamjua siku zote, na alipopimwa vinasaba akawekwa kwenye kundi lake peke yake, hapo karibu na nyani wa kawaida.

Mambo ya imani hujaniuliza na mimi sitaki kukufundisha, Jumapili na mimi nakaa benchi kama wewe. Nimekueleza jinsi ya kusoma jiwe.

Sasa hukumu. Utingo anakula mishikaki ya umri wa jiwe, wewe unakula ya siku lilipoanguka. Ila yule dogo kama amekwambia dinosaria waliishi na watu kama kwenye muvi, hiyo kakosa, kati ya Kimara na Askari kuna kilomita 13 za kukataa, na hapo wewe unamdai nyingine mbili. Mkipita Ilula nileteeni vitunguu.